Siena mpaka baharini kwa baiskeli ya graveli, siku 3: mwongozo kamili kwa wanaokwama kila mara njiani

Nimechoka kujibu meseji moja. Kila mwaka ikifika mwezi wa nne simu inaanza: "kaka tumekwama Buonconvento", "kaka maji yameisha", "kaka hii stesheni haina treni". Watu wenyewe sio wazembe, wengi ni ndugu zetu wa Uingereza, Ujerumani, Uholanzi, wanapiga kilomita 100 kila jumapili kwenye lami na wanarudi wamecheka. Wakija Toscana, hapa Italia, wanapanga kilomita 110 kwa siku kwenye vilima, na kufika saa nane mchana wamekaa chini ya mti wa msonobari hawasemeshani.

Mimi naishi huku, kwetu Tanga, na njia hii ya Siena, Montalcino, Grosseto mpaka Orbetello nimeipita mara kadhaa, ikiwemo mara moja vibaya sana. Ni kama kilomita 200 ukijumlisha na kuzunguka zunguka. Ntakuandikia yote hapa, sitaki historia wala mashairi ya miti ya saipresi. Soma mpaka mwisho ndo ununue tiketi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya yote

Baiskeli. Ya graveli, yaani ya barabara za kokoto, yenye tairi za upana wa milimita 40 kwenda juu. 45 ni bora zaidi. Ukija na tairi za 32 utapita, ila kwenye miteremko utakuwa unaomba dua. Barabara nyeupe za huku, wenyewe wanaita *strade bianche*, zina udongo ulioshindiliwa na juu yake kokoto ndogo zisizoshika kitu, sawa na kumwaga mahindi kwenye sakafu ya saruji halafu ukatize kona.

Gia nyepesi. Hapa sibishani na mtu. Gia ndogo ya mbele isizidi meno ya gia kubwa ya nyuma, mfano 30 mbele na 34 au 36 nyuma, au kama mbele una moja tu ya 40 basi nyuma uwe na 42 au zaidi. Sababu ni kwamba kwenye lami mwinuko wa asilimia 12 unasimama unakanyaga unapita, kwenye kokoto ukisimama tairi la nyuma linazunguka bure. Lazima ukae kwenye siti na uzungushe polepole, na hilo bila gia nyepesi haliwezekani.

Vya kutengenezea. Tyubu 2 (hata kama unatumia tyublesi, yaani tairi zisizo na tyubu ndani), vijiti vya raba vya kuziba pancha, pampu, spana ya mfukoni yenye kikata cheni, kiungo cha cheni cha akiba, breki pedi seti moja, zipu tai kama kumi, na kile kichuma kidogo kinachoshika gia ya nyuma kwenye fremu. Hicho kichuma kila baiskeli ina chake, ukikivunja kijijini hakuna duka litakalokuwa nacho, na uzito wake hata kijiko cha chai kimezidi.

Maji. Uwezo wa kubeba lita 2 na nusu. Chupa mbili za kawaida hazitoshi, ongeza ya tatu chini ya fremu au begi la mgongoni.

Taa, kengele na kizibao kinachong'aa. Kengele ni sheria huku, na nje ya mji usiku kizibao ni lazima.

Simu yenye ramani iliyopakuliwa kabla, pawabenki, na faili la njia kwenye kifaa cha usukani kama unacho. Kwenye bonde la Orcia mtandao unakuja na kuondoka kama umeme wa nyumbani.

Pasipoti au kitambulisho na hela taslimu kidogo. Kila nyumba ya wageni watakiandika, na kodi ya watalii sehemu nyingi wanapenda sarafu.

## Hatua ya 1: Chagua wiki, usichague tarehe tu

Miezi mizuri ni wa nne mpaka katikati ya wa sita, halafu wa tisa na wa kumi. Mwezi wa saba na wa nane joto linafika 35 na zaidi, na vilima vya kusini mwa Siena havina kivuli, ni mashamba ya ngano yaliyovunwa tu mpaka macho yaishe.

Lakini mwezi peke yake hautoshi, angalia mvua ya siku mbili kabla ya kuanza. Watu wengi wanaangalia mvua ya siku ile tu, na hapo ndo mtego ulipo. Udongo wa eneo hili, hasa upande wa Asciano wanapoita Crete Senesi, ni mfinyanzi. Ukikauka ni mgumu kama tofali. Ukilowa unashika tairi, unashika fremu, unajazana kwenye uma wa mbele mpaka gurudumu linagoma kabisa kuzunguka.

Mara yangu mbaya ilikuwa hivyo. Jua linawaka, anga safi, nikajidanganya mvua ilikuwa jana bwana. Nikaacha barabara nyeupe nikakata njia ya shamba kuokoa kilomita 3. Ndani ya mita 200 tairi zimenenepa kama mkate wa kumimina, baiskeli hainyanyuki wala haisukumiki, udongo unavutika kama ugali ulioanza kushika mwiko. Nilikaa saa nzima nachokonoa kwa kijiti cha mzeituni, na mzee mmoja kwenye trekta akapita, akasimama, akaniangalia, akacheka vizuri tu, akaendelea na safari zake. Alikuwa na haki.

Hata wakubwa yaliwakuta: mwaka 2010 mashindano ya Giro d'Italia yalipita barabara hizi hizi kwenda Montalcino chini ya mvua, Cadel Evans akashinda ile siku, na pale mstari wa mwisho wote walikuwa rangi moja, ungeambiwa mtambue mtu wako usingemjua.

*Onyo:* mvua ikinyesha sana ndani ya saa 48, baki kwenye barabara nyeupe kuu zilizoshindiliwa au kwenye lami. Njia za shamba achana nazo.

*Utajua umefanya sawa:* una siku 3 za safari na siku 1 ya akiba, na hukulipia hoteli kwa namna ambayo hairudishiki hela.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya milima

Hii ndo hatua inayoangusha karibu kila mtu. Msomaji anaona Siena mpaka Montalcino kilomita 62, anagawa kwa 25 kwa saa, anapata masaa mawili na nusu, anasema mbona siku bado ndefu tuunganishe mpaka Paganico. Mimi napiga hivi:

Kilomita gawanya kwa 18. Halafu kila mita 100 za kupanda ongeza dakika 10. Halafu ongeza saa moja na nusu ya kula, kujaza maji, pancha na kupiga picha (utapiga tu, hata ukijifanya mgumu).

Kwa siku ya kwanza kuna kupanda kama mita 1,300 hivi, inategemea umekata wapi. Kilomita 62 kwa 18 ni masaa 3 na dakika 26. Mita 1,300 ni dakika 130. Jumla masaa 5 na nusu na kitu, ukiweka mapumziko ni masaa 7. Ukitoka saa mbili asubuhi unafika saa tisa mchana. Hiyo sio nusu siku, hiyo ni siku. Na hiyo ni kwa mtu mwenye mazoezi na mzigo mdogo, kama una keria na mabegi mawili gawanya kwa 15.

Sababu ya vilima vya hapa kuua watu ni kwamba hakuna mlima mmoja mkubwa ukaumaliza. Ni vipande vya mita 40, 60, 80, unapanda unashuka unapanda tena, hupati mwendo. Aliyezoea Usambara anajua, Lushoto unapanda mara moja na roho inajua inapanda. Huku unadanganywa siku nzima.

*Utajua umefanya sawa:* hakuna siku kwenye mpango wako inayozidi masaa 7, na ukiuonyesha mpango kwa mwenzako mwenye mbio anasema "mbona mfupi". Hapo uko vizuri.

## Hatua ya 3: Chora njia, na uikague kwa macho

Mgawanyo wangu ni huu, na sijaona sababu ya kuubadilisha.

Siku ya 1: Siena, Vidritta, Bagnaia, Grotti, Radi, Buonconvento, Montalcino.

Siku ya 2: Montalcino, Sant'Antimo, Monte Amiata Scalo, Sant'Angelo Scalo, Paganico, Istia d'Ombrone, Grosseto. Kama kilomita 70.

Siku ya 3: Grosseto, Alberese, Marina di Alberese, kurudi Alberese, Fonteblanda, halafu treni mpaka Orbetello na kumalizia Feniglia.

Apu ya ramani ikishakuchorea, kuza ramani ya setilaiti upite mstari wote kwa kidole. Unatafuta vitu vitatu. Kwanza, njia inayopita katikati ya shamba bila rangi nyeupe, hiyo ni tope au geti. Pili, barabara ya Siena–Grosseto ya njia nne, ile ya E78, baiskeli marufuku na hata isingekuwa marufuku ungependa kuishi. Tatu, Aurelia, yaani SS1 ya pwani, ambayo sehemu kubwa huku chini ni njia nne na malori yanakimbia.

Halafu kuna hili la stesheni, sikiliza vizuri. Kwenye ramani utaona reli inapita Monte Amiata Scalo na Sant'Angelo, na alama ya stesheni kabisa, ukajisemea nikichoka napanda treni. Hakuna treni. Reli ya Asciano mpaka Monte Antico ilifungwa kwa safari za kawaida mwaka 1994, siku hizi zinapita treni za kitalii tu kwa tarehe chache za mwaka. Nimeshapigiwa simu na watu wawili, wako pale wamekaa kwenye benchi, wananiuliza treni saa ngapi. Treni za kila siku za Siena–Grosseto zinapita Buonconvento. Kwa hiyo mlango wa dharura wa siku ya kwanza ni Buonconvento, na ukishavuka Montalcino kushuka Orcia ujue uko mwenyewe mpaka upande wa Paganico.

*Utajua umefanya sawa:* kwa kila siku unaweza kutaja bila kuangalia simu sehemu moja ya kuchomokea na sehemu mbili za maji.

## Hatua ya 4: Kagua baiskeli, hasa kama ni ya kukodi

Ukikodi, ichukue siku moja kabla na uizungushe kilomita 5 ukiwa na mzigo wako. Kuna duka moja, silitaji, lilinipa baiskeli safi inang'aa na breki pedi zimebaki kama karatasi. Niligundua kwenye mteremko wa kutoka Montalcino, sauti ya chuma kwa chuma. Tangu siku hiyo natoa gurudumu mwenyewe naangalia mbele ya muuzaji, akinuna anune.

Upepo wa tairi ndo kitu cha bei rahisi kinachobadilisha safari nzima na hakuna anayekijali. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi za 40, anzia bar 2.3 nyuma na 2.1 mbele kwa tyublesi. Mwenye tyubu aongeze kidogo, la sivyo tyubu itang'atwa kwenye rimu. Watu wa lami wanakuja na bar 4 kwa mazoea, baiskeli inaruka ruka, mikono inakufa ganzi, na kwenye zile sehemu zenye mawimbi madogo barabarani, kama rasta zilizopangwa mfululizo, meno yanagongana.

*Ukibonyeza tairi kwa dole gumba likadidimia kidogo na ukikaa linatanuka bila rimu kugusa, tosha.*

## Hatua ya 5: Siku ya kwanza, Siena mpaka Montalcino

Siena haiko kwenye reli kubwa ya Milano–Roma, kwa hiyo unaingia kwa treni ya mkoa, wengi wanatokea Firenze, kama saa moja na nusu. Lala Siena. Usije asubuhi hiyo hiyo ukaanza safari saa tano, nimeshasema hesabu ya masaa.

Toka saa mbili kamili au kabla. Vidritta ni kipande kifupi cha kufungulia, karibu tambarare, tumia hapo kuizoea kokoto: mikono ilegee, macho yaangalie mbali, breki zishikwe kabla ya kona na kuachiwa ndani ya kona. Bagnaia ndo salamu yenyewe, mwinuko unapita asilimia 10 na kokoto zimelala juu. Ingia na gia nyepesi tayari kabla haujaanza. Ukisubiri mpaka miguu ikatae ndo ubadilishe, cheni inalia, wakati mwingine inakatika.

Kushuka na kusukuma sio kushindwa, ni kuokoa miguu. Mimi nasukuma na sioni aibu.

Buonconvento utafika mapema mchana. Ni mji mdogo wa matofali mekundu ndani ya ukuta, uko bondeni, na hapa lazima ule na ujaze maji yote. Jikoni za Italia zinafunga! Chakula cha mchana ni kama saa sita na nusu mpaka saa nane na nusu, baada ya hapo hata ukilia hawapiki mpaka jioni saa moja na nusu. Maduka nayo yanafunga saa saba mpaka saa kumi hivi. Ukichelewa nenda baa, sio baa ya pombe kama zetu, ni mahali pa kahawa, watakupa mkate na jibini.

Kwa Waislamu na wasiokula nguruwe, hili huwa hamna anayewaambia: ragù (mchuzi wa nyama ya kusaga) mara nyingi imechanganywa nguruwe, *cinghiale* ni nguruwe pori, na hata supu ya maharage inaweza kuwa na kipande ndani. Sema *senza maiale*. Vya salama kuulizia ni pici za *aglione* (tambi nene na nyanya na vitunguu saumu), *pappa al pomodoro*, na jibini la kondoo *pecorino* ambalo upande huu ni chakula na dawa.

Kutoka Buonconvento una njia mbili. Lami inapanda moja kwa moja mpaka Montalcino, inachosha ila haina ujanja. Njia ya Castiglion del Bosco ni nyeupe, ndefu zaidi, ina vipande vikali, ina mashamba ya zabibu, na ndo nzuri. Kanuni yangu: kama ni zaidi ya saa nane mchana, au kumenyesha, au kuna mmoja kwenye kundi amenyamaza kimya kwa zaidi ya nusu saa, chukueni lami. Montalcino iko mita 564 juu na Buonconvento iko chini kabisa, hakuna namna ya kuikwepa hiyo kazi.

*Ukifaulu siku hii:* unafika mchana bado upo, umekunywa angalau lita 3, na unaweza kushuka ngazi bila kushika ukuta.

## Hatua ya 6: Siku ya pili, kushuka Orcia mpaka Grosseto

Kwenye karatasi ni siku rahisi sababu unashuka zaidi ya unavyopanda. Ndo maana watu wanaichezea.

Asubuhi shuka mpaka abasia ya Sant'Antimo, chini ya kijiji cha Castelnuovo dell'Abate, jiwe jeupe katikati ya mizeituni. Simama dakika kumi, breki zipoe pia. Kuanzia hapo teremka mpaka mto Orcia. Kwenye miteremko ya kokoto weka makalio nyuma ya siti kidogo, breki ya nyuma ifanye kazi kubwa, ya mbele iguswe tu. Nimewahi kumuokota mwenzangu hapa, alishika ya mbele kwenye kona, hakuvunjika ila kiwiko kilibaki na kokoto tatu ndani na tulizitoa kwa kibano cha nyusi.

Chini bondeni barabara inafuata mto na ile reli isiyo na treni, pazuri na pametulia sana, na joto linakaa humo kama kwenye sufuria. Maji: jaza Castelnuovo dell'Abate. Bomba la kijiji likiandikwa *acqua potabile* kunywa, likiandikwa *non potabile* nawa uso tu. Makaburini huwa kuna bomba, ila soma kibao kwanza.

Mbwa. Mifugo ya kondoo huku inalindwa na mbwa weupe wakubwa, na hawa sio wa kutishia kwa jiwe kama wa mtaani. Wakija mbio shuka, weka baiskeli kati yako na wao, tembea polepole upite mbali na kondoo, usiwakodolee macho. Kazi yao ni kondoo, ukishayaacha mazizi nyuma wanakuacha. Ukikimbiza baiskeli ndo umewapa mchezo.

Na kama umekuja kuanzia jumapili ya tatu ya mwezi wa tisa mpaka mwisho wa Januari, huo ni msimu wa kuwinda. Vaa rangi kali, ongea kwa sauti ukiwa porini. Jumanne na ijumaa kuwinda ni marufuku nchi nzima, kwa hiyo ukiweza siku hii ya pili iwe moja ya hizo.

Paganico unakula. Toka hapo shika barabara ndogo za upande wa Campagnatico na Istia d'Ombrone, E78 uiache ikivuma mbali. Vilima vinazidi kuwa vidogo, na unakuta Grosseto tambarare kabisa. Mji una maduka ya baiskeli, hapa ndo mahali pa kununua ulichovunja.

*Ukifaulu:* cheni imekauka, uso una vumbi jeupe kama umepaka liwa, na huna hasira na mtu.

## Hatua ya 7: Siku ya tatu, pwani

Sasa pumua. Grosseto mpaka Alberese ni tambarare, upepo ndo adui pekee, na upepo wa bahari unaamka mchana, toka mapema. Utaona ng'ombe wa Maremma, rangi ya kijivu na pembe ndefu zimepinda, ukimkumbuka Ankole hujakosea sana.

Alberese ndo lango la hifadhi ya Maremma. Barabara ya kwenda Marina di Alberese kama kilomita 8 inapita kwenye misonobari mpaka mchangani, nenda uogelee, rudi. Ila njia za ndani ya vilima vya Uccellina zina tiketi na utaratibu, uliza ofisi ya wageni pale Alberese njia zipi zinaruhusu baiskeli. Usiingie tu kwa sababu apu imechora mstari.

Rudi Alberese, shika kibarabara kinachokwenda Fonteblanda kati ya vilima na Aurelia. Kutoka Fonteblanda kwenda kusini mimi naweka baiskeli kwenye treni. Wapo watakaosema ni kudanganya, waache wasukumane na Aurelia. Stesheni ya hapo inaitwa Talamone, treni zinazosimama ni chache, kwa hiyo angalia ratiba jana yake usiku sio ukiwa umesimama pale.

Baiskeli kwenye treni za mkoa: chagua treni yenye alama ya baiskeli, nunua tiketi yako na ya baiskeli euro 3.50 inayotumika mpaka saa sita usiku siku hiyo. Tiketi ya karatasi igonge kwenye mashine kabla ya kupanda, ya simu ifanyie check-in, ukisahau faini ni juu yako hata kama ulilipa. Treni za kasi hazikubali baiskeli nzima, lazima ufungue na uingize kwenye begi.

Shuka Orbetello–Monte Argentario. Mji uko katikati ya lagoni, yaani maji tulivu ya bahari yaliyozungukwa na nchi kavu, na upande wa kusini kuna ukanda wa mchanga unaitwa Feniglia. Njia ya udongo kama kilomita 6 inanyooka chini ya misonobari, magari hayaruhusiwi, upande mmoja lagoni, upande wa pili sauti ya mawimbi, huioni bahari ila unaisikia, na *daini*, wanyama kama swala wenye madoa, wanakuangalia tu. Miguu ikiwa imechoka hapa haijui kama imechoka.

Kuna vijia vya mbao kukatiza kwenda ufukweni, baiskeli iache mwanzo ukaifunge. Ukitaka kuondoka, ondoka kabla jua halijazama, mbu wa lagoni hawana tofauti na wa Pangani.

Jioni Orbetello kula samaki. Wanavua mkizi humo humo, na mayai yake wanatia chumvi wanakausha wanaita *bottarga*, wanakuna juu ya tambi. Mara ya kwanza nilionja nikamkumbuka mama yangu na ng'onda wake, nikaagiza sahani ya pili.

## Hatua ya 8: Kabla hujapanda treni ya kurudi

Osha baiskeli siku hiyo hiyo, ndoo ya maji na brashi tu, usitumie ile mashine ya presha ya kuoshea magari sababu inasukuma maji kwenye beringi. Vumbi jeupe likichanganyika na chumvi ya bahari likalala usiku, asubuhi cheni ina kutu na gia zinasaga. Kausha, weka mafuta matone machache, futa yaliyozidi.

Treni za pwani jumapili jioni mwezi wa tano na wa sita zinajaa, nafasi za baiskeli ni chache na anayewahi ndo anaingia. Chukua ya asubuhi. Simama jukwaani karibu na mwisho, mara nyingi behewa la baiskeli liko kichwani au mkiani, na likiwa upande mwingine una dakika moja ya kukimbia na baiskeli, begi na miguu uliyoileta kutoka Siena.